Akili haitulii ukifanyia kazi nyumbani? Chunguza chumba kabla ya kujilaumu

Alikuja kliniki katika msimu wa kaskazi, binti wa miaka ishirini na minne hivi, mkaazi wa Mji wa Kale, akiandamana na mamake. Nimebadilisha mambo machache katika kisa hiki ili asitambulike. Kazi yake ni kujibu maswali ya wateja wa kampuni moja ya ng'ambo kupitia kompyuta, akiwa papa hapa Mombasa, nyumbani kwao. Alikuwa bado katika kipindi cha majaribio na tayari alikuwa ameandikiwa barua mbili za onyo kwa sababu ya makosa. Ya tatu ingekuwa ya kumwachisha kazi, na mshahara wake ndio uliolipa karo ya wadogo zake wawili.

“Daktari, kichwa changu kimeharibika,” aliniambia. “Nasoma barua ya mteja mara tatu na bado sijui inasema nini.” Alitaka nimpe dawa ya kumbukumbu. Mamake naye alishuku kijicho. “Daktari mwanangu,” akasema, “huyu alikuwa wa kwanza darasani. Sasa ni kitu gani kimemkaa?”

Nilimpima presha, nikampima damu na sukari, nikayaangalia macho. Yote yalikuwa sawa. Ndipo nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kulianza: “Kazi yenyewe waifanyia wapi?”

Akanieleza. Aliifanyia kitandani, katika chumba cha ghorofani chini ya paa la mabati, kompyuta ikiwa juu ya mto. Mlangoni palikuwa na pazia tu. Upande wa pili wa pazia palikuwa na televisheni, wadogo zake, na kila mgeni aliyepanda ngazi kumwamkia mamake.

Msomaji, huenda nawe umo katika hali kama hii. Katika makala haya nataka kukueleza kwa nini mahali unapofanyia kazi huathiri umakini wako, na nini waweza kufanya bila ya kuhama wala kutumia fedha nyingi.

Kazi imehamia nyumbani

Kazi ya aina hii isingewezekana hapa kwetu miaka ishirini iliyopita. Mwezi Juni 2009 waya wa TEAMS, uliopita chini ya bahari kutoka Fujairah, ulifika Mombasa, na Julai mwaka huo huo waya wa SEACOM ukaanza kazi. Intaneti ikawa ya kasi zaidi, na vijana wetu wakaanza kuandika, kutafsiri, kufanya hesabu na kuhudumia wateja wa nchi ambazo hawajawahi kuzikanyaga.

Kisha kukaja Korona. Mnamo Machi 15, 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa nchini, Rais Uhuru Kenyatta aliwataka waajiri wawaruhusu wafanyakazi wao kufanyia kazi nyumbani. Kuanzia Machi 27 kukawa na kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mei 6 mwaka huo serikali ikaufunga Mji wa Kale pamoja na Eastleigh kule Nairobi, watu wasiingie wala wasitoke, na haukufunguliwa mpaka Juni. Waliokuwa na kazi za ofisini walibeba mafaili na kompyuta wakazipeleka katika nyumba ambazo hazikuwahi kufikiriwa kuwa ofisi. Wengine hadi leo hawajarudi.

Mimi mwenyewe nilionja hali hiyo. Mwaka huo nilikaa nyumbani siku kadhaa na kikohozi nikisubiri majibu ya kipimo, na nikawa nawahudumia wagonjwa wangu kwa simu. Adhuhuri moja, watoto wakizozana mlangoni na jasho likinitiririka, nilimpigia mfamasia kumtajia dawa ya mtoto mdogo. Mfamasia akanyamaza kidogo, kisha akauliza: “Daktari, una hakika na kipimo hicho?” Nilikuwa nimetaja mara mbili ya kipimo kinachofaa. Dawa hiyo nimeiandika maelfu ya mara. Sikuwa nimeisahau, bali pale nilipoketi, kwa joto na kelele zile, akili yangu haikuwa na nafasi. Tangu siku hiyo simwambii mgonjwa yeyote kwamba kukosa umakini ni uvivu.

Akili ina mikono michache

Ubongo wa binadamu una uwezo mkubwa wa kuhifadhi mambo kwa miaka mingi. Lakini ile sehemu ya kumbukumbu inayoshika jambo tunalolifanya wakati huu huu ni ndogo mno. Hushika vitu vichache tu, na kwa muda mfupi. Unapopiga hesabu kichwani, unaposoma sentensi ndefu, au unapomjibu mteja huku ukikumbuka alichosema mwanzo, ndiyo unayoitumia.

Ukikatizwa katikati, vile ulivyovishika huanguka. Kuvirudisha kunachukua muda, na aghalabu kimoja hupotea njiani. Hapo ndipo kosa linapotokea. Isitoshe, ukiiacha kazi moja kabla haijaisha na kugeukia nyingine, sehemu ya fikira zako hubakia kwenye ile ya kwanza. Mtafiti Sophie Leroy alilieleza jambo hili katika utafiti aliouchapisha mwaka 2009. Wazee wetu walilijua zamani waliposema mshika mbili moja humponyoka.

Kwa hiyo kila kinachogombania nafasi hiyo ndogo, kiwe joto, sauti, maumivu ya mgongo au mtu anayekuita, kinaipunguzia kazi yako sehemu yake. Hebu tuvichukue kimoja kimoja.

Joto

Kwa sisi wa kisiwani, adui wa kwanza ni joto. Mwili wa binadamu hujaribu kubakia kwenye nyuzi 37 hivi za Selsiasi. Hewa inapokuwa na joto linalokaribia lile la ngozi, njia kubwa inayobaki ya kujipoza ni jasho, nalo jasho hupoza linapokauka. Lakini hewa ya Mombasa ina unyevunyevu mwingi, na jasho halikauki upesi. Hubaki likitiririka bila ya faida. Moyo hupiga kwa kasi zaidi ili kusukuma damu kuelekea kwenye ngozi, mwili hupoteza maji na chumvi, na mtu huhisi uzito, usingizi na hasira za karibu.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwafuatilia wanafunzi vijana na wenye afya mjini Boston, Marekani, wakati wa wimbi la joto. Baadhi yao walilala katika majengo yenye viyoyozi, na wengine katika majengo yasiyo navyo. Kila asubuhi walijibu majaribio mafupi ya akili kwenye simu zao. Wale wa vyumba vya joto walichelewa kujibu kwa takribani asilimia 13 katika jaribio moja, na walifanya vibaya katika hesabu pia. Kumbuka kwamba hawa walikuwa vijana, na walijaribiwa mara tu walipoamka. Joto la usiku lilikuwa limewafuata hadi asubuhi.

Hapa kwetu miezi ya Februari na Machi joto la mchana hukaribia nyuzi 33. Julai na Agosti, kusi inapovuma, hushuka hadi 28 hivi. Lakini joto la nje si lazima liwe joto la chumba chako. Waliojenga Mji wa Kale walilijua hilo. Kuta za matumbawe na chokaa, zenye unene wa karibu nusu mita, huchelewa kupata moto. Vichochoro vyembamba hutiliana kivuli, na roshani na madirisha ya mbao huruhusu upepo kupita bila ya kuingiza jua. Katika nyumba kama hizo chumba cha chini cha nyuma huwa na ubaridi mchana kutwa, ilhali kile cha juu chini ya mabati huwa kama tanuri ifikapo saa saba.

Katika nyumba za saruji za Tudor, Ganjoni au Majengo mambo ni tofauti. Saruji hulipokea jua mchana na kulitoa jioni, na chumba kinachotazama magharibi huwa kibaya zaidi kuanzia alasiri hadi usiku.

Kwa hiyo chagua chumba kwa joto lake, si kwa uzuri wake. Funga madirisha na mapazia ya upande wa jua, ufungue yale yanayopokea upepo pamoja na mlango ulio mkabala ili hewa ipite. Chumba kilichofungwa kote huchosha na kuleta usingizi. Pangaboi haliipozi hewa, lakini hulisaidia jasho kukauka, na hilo latosha kwa siku nyingi. Kazi inayohitaji akili nyingi ifanye asubuhi mapema, na nyepesi iache baada ya adhuhuri. Kunywa maji kidogo kidogo hata kabla ya kiu. Mtu mzima wa kilo 70 akipoteza lita moja na nusu hivi za maji bila ya kuzirudisha, umakini wake huanza kupungua. Tazama mkojo wako: ukiwa wa rangi ya manjano iliyokoza, hujanywa ya kutosha. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyepunguziwa maji na daktari wake afuate agizo la daktari huyo.

Kelele, hasa ya maneno

Si kelele zote zinazoiumiza akili kwa kiasi sawa. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Marekani, Herbert Colle na Alan Welsh, waliwapa watu orodha za kukumbuka huku wakiwasikizisha maandishi yakisomwa kwa Kijerumani, lugha ambayo hawakuielewa. Walikosea zaidi kuliko walipokuwa kimya. Tafiti nyingi zilizofuata zilionyesha kwamba sauti ya mtu anayesema huivuruga kumbukumbu ya muda mfupi hata kama haisemi kwa nguvu, na hata kama hutaki kuisikiliza. Masikio hayana kope za kufumba. Na iwapo unasoma au unaandika, maneno unayoyaelewa huvuruga zaidi, kwani ubongo hujikuta ukishughulikia habari mbili za lugha kwa wakati mmoja.

Sauti isiyobadilika, kama mvumo wa pangaboi, mvua au mawimbi, haina madhara makubwa hivyo. Ndiyo maana mtu aweza kufanya kazi vizuri karibu na barabara yenye mvumo wa magari, lakini akashindwa kabisa karibu na redio inayotangaza habari kwa sauti ya chini.

Jambo hili lina maana yake kwetu. Mji wa Kale ni mji wa maongezi. Watu huongea barazani, huitana kutoka dirisha hadi dirisha, muuza kahawa hupita akigonganisha vikombe, na wachukuzi huomba njia na mikokoteni yao. Hayo ndiyo maisha yetu na sitaki yanyamaze. Lakini anayefanya kazi ya akili kwenye dirisha la chini linalofungukia baraza anajipa mzigo usiohitajika. Hamia upande wa nyuma. Weka mlango wa mbao, au walau pazia zito, kati yako na televisheni. Liwashe pangaboi hata siku ya baridi kidogo, kwani mvumo wake huyafunika maneno ya mbali. Ukivaa vifaa vya kusikilizia masikioni, epuka nyimbo zenye maneno wakati wa kusoma au kuandika, na usizidishe sauti: ikiwa husikii mtu anayesema nawe kutoka umbali wa mkono mmoja, umezidisha, na masikio yako yatadhurika.

Adhana ni jambo jingine. Huijui leo tu. Wajua itaingia saa ngapi. Wengi wa wagonjwa wangu wamenieleza kwamba kuipanga kazi kwa vipindi baina ya sala kumewasaidia. Kipindi kina mwanzo na mwisho, na mtu huinuka, hujinyoosha, hujimwagia maji na kurudi akiwa mpya. Asiyeswali naye aweza kujiwekea saa zake za kuinuka. Lililo muhimu ni kwamba mapumziko uliyoyapanga huipumzisha akili, ilhali kukatizwa kwa ghafla huichosha.

“Yuko tu nyumbani”

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko joto na kelele. Kwa desturi yetu, aliye nyumbani ni mtu aliye na nafasi. Ofisini hakuna atakayekuja kukwambia umkunie nazi. Nyumbani mtu akiona umeketi mbele ya kompyuta, huona umeketi. Mzigo huu huwaangukia wanawake zaidi. Binti huitwa kupokea wageni, mke huulizwa chumvi iko wapi, na mama hufuatwa na mtoto hata akiwa anazungumza na mkubwa wake wa kazi. Kila ombi ni la dakika moja tu, lakini dakika hiyo huvunja nyingine nyingi zilizoitangulia.

Mnamo 2010 na 2011 kampuni kubwa ya usafiri huko Shanghai, Uchina, iliyoitwa Ctrip, ilikubali baadhi ya wafanyakazi wake waliokuwa wakipokea simu za wateja wafanyie kazi nyumbani kwa miezi tisa, huku wenzao wakibaki ofisini. Profesa Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliwalinganisha. Kazi ya wale wa nyumbani iliongezeka kwa asilimia 13, na sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na utulivu wa mahali walipokuwa. Habari hizi zimetangazwa sana kuonyesha kwamba nyumbani pafaa. Lakini kuna sharti ambalo mara nyingi husahauliwa: hakuruhusiwa mtu kushiriki ila awe na chumba chake cha kufanyia kazi nyumbani. Asiye na chumba hakuhesabiwa. Kwa hiyo msomaji usijilinganishe na watu hao ikiwa wewe umekaa sebuleni na watu saba.

Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi pana hewa, mwanga na nafasi ya kutosha. Nyumbani mkaguzi haji. Wewe na jamaa zako ndio mtakaokuwa wakaguzi, na hili huanza kwa mazungumzo. Usingoje ukasirike. Kaa na wazee wako kwa heshima wakati wa utulivu, uwaeleze ni saa zipi uko kazini na ni nini kitatokea ukikosea. Wengi wao hawajui, kwa kuwa hawajapata kuiona kazi ya namna hii. Kisha mkubaliane alama. Pazia likishushwa au mlango ukirudishwa, maana yake uko kazini kana kwamba umevuka feri kwenda Likoni. Wakati huo huo uwape saa ambayo hakika utakuwa wao, na ukiahidi utimize.

Kitanda, kiti na mwanga

Usifanyie kazi kitandani. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni mgongo na shingo. Ukiinamia kompyuta iliyo mapajani, misuli ya shingo hubeba uzito wa kichwa kwa saa nyingi, na maumivu yake hupanda hadi yakawa kichwa kinachouma kila jioni. Maumivu nayo yanakula umakini. Ya pili ni usingizi. Kitanda kikizoea kazi, husahau kulaza. Mtu hulala akiwaza barua za wateja, na akiamka hajapumzika.

Huhitaji samani ya bei. Meza nyembamba yatosha, nayo huenea ukutani hata katika vyumba vyetu virefu vyembamba, ambavyo upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti. Miguu ifike chini, mgongo uwe na egemeo, viwiko vikae kama pembe ya mraba, na kioo cha kompyuta kiwe umbali wa mkono, ukingo wake wa juu ukilingana na macho. Vitabu vichache chini ya kompyuta na kibodi ya kando vitafanya kazi hiyo.

Dirisha liwe ubavuni mwako. Likiwa mbele yako jua hukuchoma macho, na likiwa nyuma hung'aa kwenye kioo. Tunapotazama kioo hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, na macho hukauka, hasa pangaboi likiyapulizia. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mbali, mita sita au zaidi, kwa sekunde 20, na upepese.

Simu

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida walionyesha kwamba mlio wa ujumbe kwenye simu huvuruga kazi hata kama mtu hakuigusa simu yenyewe. Kule kujua tu kwamba kuna aliyeandika kunatosha kuiondoa akili. Kundi la ukoo kwenye WhatsApp lina salamu arubaini kabla ya saa tatu asubuhi. Zima milio yake wakati wa kazi, na uache mmoja au wawili wanaoweza kukupata kwa dharura. Simu iweke mahali ambapo lazima uinuke ili uifikie.

Wanaofanya kazi usiku

Baadhi yenu hufuata saa za Marekani. Saa tatu asubuhi ya New York kwetu huwa saa kumi au saa kumi na moja jioni kulingana na msimu, na kazi huisha usiku wa manane au baadaye. Ubaridi na ukimya wa usiku ni faida, lakini usingizi wa mchana huwa mfupi na wa mang'amung'amu kwa sababu ya jua, joto na kelele. Ukiwa miongoni mwao, chumba chenye giza na ubaridi kiwe cha kulala kwanza, cha kazi baadaye. Na usitegemee kahawa nyingi, miraa au muguka kujizuia na usingizi. Huondoa usingizi wa leo na kukuachia deni la kesho, pamoja na moyo unaokwenda mbio.

Wakati wa kumwona daktari

Sitaki mtu aifiche maradhi nyuma ya chumba kibaya. Ukishatengeneza mahali pako na wiki mbili tatu zikapita bila ya nafuu, nenda ukapimwe. Upungufu wa damu, ambao ni mwingi kwa wanawake, kisukari, na matatizo ya tezi ya shingo yote huleta uchovu na kusahau. Anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini huamka amechoka hata akilala saa nane. Sonona nayo huja kwa njia hii: mtu hupoteza hamu, usingizi na umakini kwa pamoja, hasa anayekaa peke yake siku nzima bila ya kuongea na mtu. Nilipata kumwona kijana mmoja aliyekuwa na chumba kizuri chenye ukimya kamili, na ukimya huo ndio uliokuwa ukimmaliza. Alihitaji watu, si meza. Na kusahau kulikoanza ghafla, kukiwa na homa, kuchanganyikiwa, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au maumivu makali ya kichwa, ni jambo la kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Binti yule

Nilimpa binti yule daftari badala ya dawa. Nilimwomba kwa siku mbili aandike kila alipokatizwa, na nani, na kwa jambo gani, na pia saa ambazo joto lilimzidi. Aliporudi alikuwa amejaza kurasa kadhaa. Mamake ndiye aliyezisoma kwa sauti, polepole, na alipofika ukurasa wa pili akanyamaza. Jina lake mwenyewe lilikuwa pale mara nyingi kuliko la mtu mwingine yeyote. “Mwanangu,” akasema, “mbona hukuniambia?” Binti akajibu kwamba angewezaje kumkataza mamake kumwita.

Wiki hiyo waliondoa magunia na masanduku katika chumba kidogo cha chini, nyuma ya ngazi. Wakaweka meza, pangaboi na mlango. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba, mama huketi mwenyewe karibu na ngazi na kuwaambia wageni kwamba binti yuko kazini. Makosa hayakwisha kwa siku moja, lakini barua ya tatu haikuandikwa, na baadaye alithibitishwa kazini. Bado hulalamika juu ya joto la Februari. Nami pia hulalamika.

Kabla ya kuniomba dawa ya kumbukumbu, msomaji, fanya kama yeye. Chukua daftari, uandike kwa siku mbili. Kisha anza na kile kilichojitokeza mara nyingi zaidi, kiwe joto, maneno, kiti, simu au kuitwa, ukirekebishe hicho kimoja kwa wiki nzima kabla ya kugusa kingine. Daftari hilo likikushinda, njoo nalo kliniki. Litanisaidia kuliko kipimo cha kwanza nitakachokuandikia.